Antonio Inoki na Sanaa ya Kupokea Kipigo

Mhadhara kwa wananchi wa gombolola ya Kuluba, wilaya ya Koboko



Mada yangu ni mieleka ya kulipwa, na ndani yake mtu mmoja, Antonio Inoki wa Japani, aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2022 akiwa na umri wa miaka 79. Mtu ataniuliza, Kuluba na Japani wapi na wapi? Jibu lipo. Mwanzoni mwa 1979 ilitangazwa kwamba Inoki atakuja Kampala mwezi Juni kupambana ulingoni na Rais Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni Wakakwa wa Koboko hii hii. Muhammad Ali alitajwa kuwa mwamuzi. Mpango huo ulisukwa na promota wa Kijapani, Yoshio Kou, nao haukutimia, kwa sababu ambazo wazee waliopo hapa wanazijua kuliko mimi. Nitalifikia hilo. Kwanza tumjue Inoki alikuwa fundi wa nini, maana wengi waliosikia jina lake kwa ajili ya Ali au Amin hawajawahi kuketi wakamtazama akiwa kazini.

Swali la kwanza huwa ni moja kila mieleka ya kulipwa inapotajwa: si wanapanga? Ndiyo, wanapanga. Mshindi hujulikana kabla ya kengele, na wawili wanaopanda ulingoni wanajua kwa sehemu kubwa wanakoelekea. Anayeishia hapo bado hajasema jambo. Bibi akianza hadithi ya sungura na fisi, hakuna mtoto asiyejua kwamba fisi ataumbuka, na bado hakuna anayeinuka kwenda kulala. Tunabaki kwa sababu tunataka kuona safari hii bibi atatufikishaje pale: atamchelewesha fisi kwa kiasi gani, sauti ataishusha wapi, atanyamaza wapi. Mwanamieleka ana kazi hiyo hiyo, ila hana maneno. Ana shingo, mgongo, magoti na uso. Na sakafu ya ulingo ni mbao na vyuma chini ya godoro jembamba. Mtu wa kilo mia moja akibwagwa chali pale, mgongo unaogonga ni wake mwenyewe, hata kama alijua toka asubuhi kwamba ataangushwa.

Vibanda vya video vya Koboko mjini na vya Arua vimetulea katika mieleka ya Marekani. Majina ya Undertaker na John Cena yanajulikana hapa hata na watoto wasiojua jina la waziri wao. Nimekaa kwenye mabenchi yale, jenereta ikinguruma nje, na nimeona jinsi kibanda kinavyolipuka mtu anapopigwa kiti cha chuma. Kibanda kizima humtazama anayepiga. Ombi langu kwenu leo ni kwamba mara moja mumtazame anayepigwa. Akipigwa teke la goti dakika ya tano, je, dakika ya ishirini bado anachechemea? Akimnyanyua mwenzake juu, je, lile goti linamsaliti? Mwanamieleka mbovu husahau. Anagaagaa, anapiga kelele, kisha anainuka na kukimbia kama hakuguswa, na hapo hadithi imekatika, maana kipigo ambacho hakikuacha alama hakikuwa kipigo. Inoki hakusahau. Mwili wake ulitunza kila kilichoupata tangu kengele ya kwanza, na ndiyo maana watu walilia wakimtazama.

Alizaliwa Kanji Inoki mjini Yokohama tarehe 20 Februari 1943, vita vikiwa vimepamba moto. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1957 familia ilipanda meli kuhamia Brazil. Babu yake alifia safarini. Kule kijana wa miaka 14 akatupwa kwenye shamba la kahawa, kazi ya alfajiri hadi jioni. Hapa West Nile hatuhitaji kuelezwa maisha hayo. Babu zetu walitembea na kupanda malori kwenda kukata miwa Lugazi na Kakira, na wapo ambao hawakurudi. Kijana Inoki alikuwa mrefu, mwenye mifupa mikubwa, hodari wa kutupa tufe. Mwaka 1960 Rikidozan, bingwa aliyezaliwa Korea na kuifanya mieleka ya kulipwa kuwa tamasha la taifa zima la Japani baada ya vita, alipita Brazil, akamwona na kurudi naye Tokyo. Tarehe 30 Septemba mwaka huo huo Inoki akapanda ulingoni kwa mara ya kwanza. Alishindwa. Aliyemshinda ni Mkorea Kim Il, aliyejulikana Japani kwa jina la Kintaro Ohki. Shikeni jina hilo.

Rikidozan alichomwa kisu Tokyo Desemba 1963 akafa siku chache baadaye. Katika miaka iliyofuata wanafunzi wake wawili wakubwa, Giant Baba na Inoki, walitengana, na mwaka 1972 Inoki akaanzisha kampuni yake, New Japan Pro-Wrestling, ambayo mpaka leo ipo. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 6 Machi 1972. Hebu fikirini: ni kampuni yako, fedha ni zako, jina lililo kwenye bango ni lako, na mshindi unaweza kumchagua wewe. Inoki alimleta mwalimu wake Karl Gotch, fundi wa kukunja viungo ambaye Wajapani walimwita mungu wa mieleka, akapambana naye, akashindwa. Mwenye mali alishindwa siku ya kufungua duka. Watazamaji wakarudi nyumbani wakijua kwamba katika nyumba ile kushinda kuna gharama, na kwamba mwenye nyumba mwenyewe ataitoa mbele yao.

Sasa nirudi kwa Kim Il. Tarehe 10 Oktoba 1974, miaka 14 baada ya lile pambano la kwanza, walikutana tena. Silaha ya Kim Il ilikuwa kichwa. Alikuwa akimshika mtu masikio, anarudi nyuma kidogo, kisha anampiga paji kwa paji, na ukumbi wote unasikia. Mtu mwingine angetafuta njia ya kukwepa. Inoki alisimama akapokea. Kimoja, akapepesuka. Kingine, goti moja likagusa chini. Akainua uso, akamtazama Ohki machoni kama anayesema ongeza. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe: kila kichwa kilimpunguzia Inoki nguvu za miguu na kumwongezea ukali wa macho. Ukiangalia miguu utasema amekwisha. Ukiangalia uso utasema ndiyo kwanza anaanza. Mwishoni akajibu kwa ngumi ya uso, akamkumbatia Ohki kwa nyuma, akamnyanyua na kumbwaga kwa mgongo. Ikawa mwisho. Halafu wale wawili, waliokuwa chini ya mwalimu mmoja marehemu, wakakumbatiana katikati ya ulingo wakilia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba deni la miaka 14 limelipwa, tena limelipwa kwa heshima.

Pambano ninalolipenda kuliko yote ni la tarehe 11 Desemba 1975 dhidi ya Mwingereza Billy Robinson. Robinson alitoka kwenye jumba la mazoezi la Wigan, kaskazini mwa Uingereza, mji wa wachimba makaa ya mawe, ambako mtu alifundishwa kufunga mkono, kifundo cha mguu na shingo mpaka ajue kila mfupa ulipo. Karl Gotch naye alipita humo, kwa hiyo Inoki na Robinson walikuwa kama waliosoma kitabu kimoja katika shule mbili tofauti. Sharti lilikuwa kushinda mara mbili kati ya tatu, ndani ya dakika 60. Hakukuwa na viti vya chuma wala meza za kuvunjwa. Kwa muda mrefu unaona watu wawili wakishindania kiwiko kimoja. Kijana aliyezoea video za leo atasema wamelala. Mwambieni awe na subira, aangalie mikono: mmoja akipata mshiko, mwingine hajitikisi ovyo, anatafuta mlango. Anageuza bega nusu, anatuliza pumzi, anageuza tena, ghafla yeye ndiye mwenye mkono wa mwenzake. Kila mshiko unaulizwa swali na kujibiwa.

Dakika 40 zikapita. Kisha Robinson akamgeuza Inoki mgongo kwa mgongo, mikono imefungwa, akamtelezesha chini, mabega yote mawili sakafuni, mwamuzi akahesabu tatu. Inoki yuko nyuma kwa moja, na muda uliobaki haufiki dakika 20. Kuanzia hapo anapigana na Robinson na saa ya ukutani pia, na pumzi inaonekana kifuani. Anajaribu hiki, kinafunguliwa. Anajaribu kile, kinafunguliwa. Dakika ya mwisho ikiwa imeingia, akajisokota kwa Robinson kwa ule mshiko wake mashuhuri: mguu mmoja umezunguka mguu wa mpinzani, mguu mwingine umepanda juu ya shingo yake na kuikandamiza, mikono miwili inauvuta mkono wa mpinzani mpaka bega linalia. Uzito wote wa Inoki uko juu ya Robinson. Robinson akasalimu amri. Moja kwa moja. Sekunde chache zilizobaki zikaisha, ikawa sare.

Walioliandaa pambano lile walijua tangu mapema kwamba litakuwa sare. Mimi nimelitazama nikilijua hilo, na bado ile dakika ya mwisho hunikaza koo. Robinson alistahili sifa sawa, maana bila yeye kufungua kila mlango mbele ya macho yetu, ule wa mwisho usingekuwa na thamani. Mwanamieleka bora humpa mwenzake uzito. Ukimdhalilisha mpinzani wako saa nzima, umemshinda nani?

Juu ya Muhammad Ali sitasema mengi, kwa kuwa habari hiyo imeandikwa sana. Walikutana Tokyo, katika ukumbi wa Nippon Budokan, tarehe 26 Juni 1976, raundi 15. Hilo halikuwa la kupangwa. Sheria zilizokubaliwa zilimfunga Inoki mikono, hakuweza kutumia mieleka yake, basi akajilaza chali na kumpiga Ali mateke ya miguu raundi baada ya raundi. Ali alirusha ngumi chache mno. Ikawa sare, watu wakazomea, na miguu ya Ali ikavimba hata akahitaji matibabu ya hospitali. Wengi wa walimu wa mapigano mseto ya siku hizi wanaliheshimu. Kwa jicho la msimulizi, naliona ni pambano lenye kasoro moja tu, na kasoro hiyo ni kubwa: kila mmoja alikuwa na hofu ya kumpa mwenzake chochote. Hakuna aliyepokea. Raundi 15 zikapita bila watu wale wawili kuzungumza.

Desemba ya mwaka huo huo Inoki alikwenda Karachi kupambana na Akram Pahalwan, wa ukoo mashuhuri wa wanamieleka wa Pakistan. Mambo yakaharibika, mchezo ukageuka ugomvi wa kweli, na Inoki akamvunja mkono. Siwezi kulisifia hilo, na mtu anayempenda Inoki hana haja ya kulificha.

Ndipo tunafika kwa Amin. Wazee, nitasema kwa uangalifu, kwa sababu jina hili hapa Koboko si hadithi ya mbali. Idi Amin aliingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, na kuanzia 1951 hadi 1960 alikuwa bingwa wa masumbwi wa Uganda katika uzani ulio chini kidogo ya ule mzito. Ulingoni hakuwa mgeni. Alikamata serikali tarehe 25 Januari 1971, na makadirio ya waliouawa chini ya utawala wake yanafikia laki tatu. Mwishoni mwa 1978, majeshi yake yalipokwisha kuingia Kagera nchini Tanzania, alitangaza kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalize vita kwa ngumi ulingoni, Ali akiwa mwamuzi. Wazo la Yoshio Kou kwa hiyo lilikuta mlango uko wazi. Rais bondia wa Afrika dhidi ya mwanamieleka aliyesimama raundi 15 na Ali: kwa promota, ilikuwa biashara isiyo na mfano.

Watu wengine huuliza nani angeshinda. Inoki alikuwa na miaka 36, yuko kwenye kilele chake; Amin alikuwa amekwisha kuingia miaka hamsini na mwili umenenepa. Kwangu swali hilo halina uzito. Ninachojiuliza ni kama hadithi ingewezekana hata kidogo. Mieleka ya kulipwa inataka mambo mawili. La kwanza, kila mmoja amkabidhi mwenzake mwili wake. Ukininyanyua, shingo yangu iko mikononi mwako, nami nimekuruhusu. Mtawala ambaye hakuna aliyethubutu kumpinga barazani atamkabidhi nani shingo yake mbele ya umati? La pili, watazamaji wawe huru. Hadithi ya ulingo huandikwa na sauti za watu: wakiguna, mpiganaji anasikia, wakimpenda mnyonge, anainuka. Sasa jazeni uwanja wa Kampala mwaka 1979, askari wamesimama kila upande, watu wa State Research, idara ya usalama ya Amin, wako katikati ya umati. Nani angemshangilia Inoki? Nani angenyamaza Amin aliporusha ngumi? Umati wenye hofu hupiga makofi mahali palipoamriwa, na msimulizi hodari kuliko wote hawezi kufanya kazi na umati huo. Inoki angebeba ufundi wake wote hadi Kampala akakuta hakuna wa kumsikiliza.

Historia ilikata shauri. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni tarehe 11 Aprili 1979. Amin akakimbia. Tarehe 3 Juni, mwezi ule ule uliokuwa umepangiwa pambano, majeshi ya Tanzania yalifika mpaka wa Sudan upande wetu huu, vita vikaisha rasmi. Kilichofuata hapa mnakijua. Kosa la mtu mmoja na serikali yake lilitozwa wilaya nzima. Mwaka 1980 na 1981 Koboko na Arua zilichomwa, watu wakavuka kwa miguu kwenda Sudan na Zaire, na baadhi ya waliokimbilia misheni ya Ombaci waliuawa humo humo tarehe 24 Juni 1981. Wapo hapa leo waliozaliwa kambini. Kwa hiyo makala zinazolitaja pambano lile la Inoki na Amin kama kichekesho cha zamani huwa zinaniudhi. Walioziandika hawakuwa na ndugu katika pande zote mbili za vita hivyo.

Na Inoki alikuwa wapi Juni ile? Alikuwa Lahore, Pakistan. Ukoo wa Akram ulikuwa umemwandaa kijana wao, Jhara Pahalwan, mpwa wa yule aliyevunjwa mkono, atakayeisafisha aibu ya familia. Jhara hakuwa amefika hata miaka 20. Walipambana raundi tano. Kijana alimbana, alimsukuma, hakumwacha apumue. Raundi ya mwisho ilipokwisha, kabla ya watu kuanza kubishana juu ya matokeo, Inoki aliushika mkono wa Jhara akauinua juu mbele ya umati wa Wapakistani. Mtu aliyevunja mkono Karachi aliinua mkono Lahore. Katika maisha yake yote ya ulingo sijaona simulizi fupi kuliko hiyo wala nzito kuliko hiyo. Nami hujiambia: hilo ndilo asingeruhusiwa kulifanya Kampala, wala kufanyiwa.

Yapo mengi ninayoyaruka: kisiwa cha Ganryujima, ambako Oktoba 1987 yeye na Masa Saito walipambana zaidi ya saa mbili bila mtazamaji hata mmoja kuzunguka ulingo, kuchaguliwa kwake bungeni mwaka 1989, safari yake ya Baghdad mwaka 1990, ambako Wajapani waliokuwa wameshikwa mateka waliachiliwa, kusilimu kwake na jina la Muhammad Hussain, tamasha la Pyongyang la Aprili 1995. Kila moja lina mhadhara wake. Mimi nataka nimalizie kwenye uzee, kwa sababu hapo ndipo mwanamieleka hupimwa.

Desemba 1987 Inoki alipigwa na Mmarekani mmoja mkubwa mno, Vader, chini ya dakika tatu. Watazamaji walighadhibika, wakafanya fujo, na kampuni ikafungiwa ukumbi wa Kokugikan, lilikofanyika pambano hilo, kwa muda. Tarehe 4 Januari 1996, katika Tokyo Dome, wakakutana tena. Inoki alikuwa karibu kufikisha miaka 53. Nywele, kiuno, magoti, vyote vilikuwa vya mzee. Hakujaribu kuvificha. Vader alimkumbatia kwa nyuma, akamnyanyua na kumtupa kwa kujipinda mgongo. Inoki akatua kwa shingo, mwili ukakunjika, miguu ikapita juu ya kichwa. Ukumbi uliojaa maelfu ukanyamaza. Vader akapanda juu ya kamba na mwili wake ule wote, akajigeuza hewani na kumwangukia. Inoki akatoka chini yake kwa shida, pole pole, na hiyo pole pole ilikuwa kweli na usanii kwa pamoja, huwezi tena kuvitenganisha. Kila mtu mwenye baba mzee alijua anachokiona. Hata alipoukamata mkono wa Vader, akaubana katikati ya mapaja, akajilaza nyuma na kukinyoosha kiwiko mpaka jitu lile likasalimu amri, ushindi wenyewe ulikuwa mdogo kuliko kule kuinuka. Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Aprili 1998, aliagana na ulingo katika jumba hilo hilo, watu kama elfu 70, na Muhammad Ali akiwa miongoni mwa wageni.

Sasa niwageukie vijana. Najua mmeona video za Mukono, za Soft Ground Wrestling ya yule anayeitwa Bumbash: ulingo wa nguzo za miti, chini tope, vijana wa Kiganda wanarushana, na dunia nzima inatazama. Najua pia kwamba ndugu zetu Wamundari wa ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini, wana mieleka yao ya asili, ya kweli, isiyopangwa, na kwamba wengi waliopita katika kituo cha wakimbizi hapa Kuluba mwaka 2016 walikuja na ujuzi wa michezo ya aina hiyo mikononi mwao. Haja ya kuwa na ulingo hapa ipo, na mikono ipo. Lakini nimewaona watoto wakijaribu kurushana kwenye kokoto kando ya barabara ya Oraba, na roho yangu haikutulia. Shingo ikivunjika hapa, safari ya kufika kwa daktari wa mifupa ni ndefu.

Katika kampuni aliyoianzisha Inoki, kijana mpya huvaa bukta nyeusi na viatu vyeusi, hana jina la kujisifu wala nguo ya kung'aa. Anapewa kuchuchumaa na kuinuka mara mamia, kufagia ukumbi, na kuanguka. Anaanguka chali, anaanguka kifudifudi, anaanguka kwa ubavu, kidevu kimebanwa kifuani, viganja vikipiga sakafu ili kugawa kishindo, mpaka mwalimu atosheke. Baada ya hapo ndipo anapewa mbinu chache, roba, kukunja mguu, kubwaga, na kuambiwa asimulie kwa hizo tu. Hakuna njia ya mkato katika hilo, na wale mnaowaona wakiruka kutoka juu ya kamba waliipita yote.

Ninawaomba wazee na uongozi wa gombolola watenge kipande cha ardhi chenye mchanga mlaini, mbali na mawe, na wamtafute mtu mmoja anayejua kufundisha, awe mkufunzi wa judo, wa mieleka ya mashuleni, au Mmundari aliyekomaa. Wamiliki wa vibanda vya video, siku moja onyesheni Inoki na Robinson, dakika zote 60, bila kukatiza. Na nyinyi vijana, kabla hamjajifunza kumrusha mtu, jifunzeni kuanguka.